Jiko la makaa chumbani huua kimya kimya
Na Mwandishi Wetu

MWEZI wa Juni na Julai, usiku wa milimani huwa na baridi kali, kuanzia Kabale nchini Uganda hadi Muramvya nchini Burundi. Mfanyabiashara aliyechelewa kuvuka mpaka wa Katuna hukodi chumba kidogo. Familia iliyorejea kutoka kambi za Kigoma, kwenye joto, hujibana katika nyumba ya chumba kimoja. Wengi huingiza jiko la makaa ndani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala.

Hapo ndipo penye hatari. Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa hewa.

Wapo wasemao kwamba makaa yaliyokolea na kuacha kutoa moshi ni salama. Si kweli, hata yakiwa mekundu huendelea kutoa sumu. Beseni la maji kando ya jiko haliinasi gesi hiyo, na mwanya mdogo wa dirisha hautoshi.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Lakini jiulize: je, wote mliolala humo mmeugua pamoja, bila homa, na mkitoka nje mnapata nafuu? Basi shukuni jiko. Aliyelala fofofo au aliyelewa anaweza asiamke kabisa.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje upesi na umpeleke hospitali. Tiba yake ni oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii. Mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko, kwani kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha kuwa oksijeni inatosha kumbe sivyo.

Kinga ni rahisi. Pikia nje, na jiko lilale nje hata kama makaa yamebaki machache. Jenereta isiwashwe ndani ya duka wala barazani karibu na madirisha. Anayesafiri kwenda milimani abebe blanketi zito na nguo za kulalia. Mwenye nyumba ya wageni naye awakataze wateja kuingiza jiko chumbani, hata wakimsihi.