Hakimu na Jaji: Maneno Mawili na Njia Mbili za Kufikia Kiti cha Hukumu

Katika Kiswahili cha Tanzania Bara mtu aamuaye kesi ana majina mawili, hakimu na jaji, wala mzungumzaji hana ruhusa ya kuyabadilisha apendavyo. Akaaye katika Mahakama ya Mwanzo ya Kariakoo ni hakimu. Akaaye Kisutu naye ni hakimu, ingawa cheo chake chaitwa Hakimu Mkazi. Lakini akaaye katika Mahakama Kuu, katika jengo lielekealo bandari pale Kivukoni, ni jaji. Kutoka Kariakoo mpaka Kivukoni ni mwendo usiofika saa moja kwa miguu. Hata hivyo wengi walioanza kazi katika mahakama ya mwanzo wamestaafu bila ya kuumaliza mwendo huo.

Neno hakimu ndilo la zamani. Latokana na shina la Kiarabu lililozaa pia hukumu, mahakama na hekima. Katika Kiarabu yako maneno mawili yanayokaribiana: moja, lenye irabu ndefu ya kwanza, lina maana ya mtawala au mwenye kuhukumu, la pili, lenye irabu ndefu ya mwisho, lina maana ya mwenye hekima, na pia tabibu. Matamshi ya Kiswahili yameifuta tofauti hiyo, na huenda ndiyo sababu msikilizaji wa Kiswahili hutazamia hakimu awe mtu wa hekima kabla ya kuwa mtu wa vitabu. Jaji, kwa upande wake, ni neno la Kiingereza, nalo liliingia pamoja na Mahakama Kuu ya Tanganyika iliyoundwa na Waingereza mwaka 1920. Mwamuzi, lenye asili ya Kibantu, lingefaa pia, na wafasiri wa Biblia walilichagua kwa Kitabu cha Waamuzi. Lakini mahakama za serikali hazikulipokea, na sasa makao yake hasa ni uwanja wa mpira.

Majina hayo mawili ni mabaki ya mfumo wa mahakama wa namna mbili. Wakati wa Waingereza, Mwafrika wa mjini Dar es Salaam alipelekwa kwa kawaida mbele ya liwali, au mbele ya baraza lililowekwa chini ya sheria za mahakama za wenyeji za 1929 na 1951. Liwali hakuulizwa shahada. Aliulizwa ukoo wake, heshima yake mbele ya watu, na ujuzi wake wa mila na sharia ya Kiislamu. Jaji wa Mahakama Kuu alikuwa mwanasheria aliyesoma ng'ambo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliivunja mipaka hiyo ikaziunganisha mahakama zote katika ngazi moja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, kisha Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliongezwa juu yake mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ngazi iliunganishwa, ila elimu ya waipandao haikuunganishwa. Mahakimu wa mwanzo waliohitajika mara moja kwa nchi nzima hawakuweza kungoja shahada. Wengi walifundishwa kwa kozi fupi huko Mzumbe, karibu na Morogoro, wakapewa misingi ya sheria ya jinai, ya madai na ya ushahidi, wakarudi kuhukumu. Walikaa pamoja na wazee wa baraza, na kwa miaka mingi mawakili walikatazwa kusimama mbele yao. Lugha ya mahakama hizo ilikuwa Kiswahili, kwa maneno na kwa maandishi. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yalipata makao katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya 1998, ambacho hutoa cheti na stashahada ya sheria, na pia huwafundisha mahakimu na majaji walio kazini.

Njia ya jaji ni nyingine. Ilianza, kwa upande wa elimu, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Mwezi Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jumba la TANU, barabara ya Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria; wanafunzi hawakufika ishirini. Mkuu wa kitivo hicho, A. B. Weston, alitambua mapema kwamba sheria ingehitaji msamiati wa Kiswahili, na orodha ya istilahi aliyoshiriki kuitunga ilitolewa mwaka 1968. Hata hivyo masomo yenyewe yalitolewa kwa Kiingereza, na hali hiyo haikubadilika chuo kilipohamia Mlimani. Leo shahada pekee haimfanyi mtu wakili. Mwenye shahada hupita kwanza katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007.

Uteuzi wenyewe umewekwa katika Katiba ya 1977. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwenyekiti wa Tume ni Jaji Mkuu, na wajumbe wake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi, na wawili wengine wateuliwao na Rais. Mahakimu huwekwa na Tume yenyewe. Ibara ya 109 yadai kwamba jaji awe na shahada ya sheria, na kwamba kwa muda usiopungua miaka kumi awe amekuwa hakimu, au wakili, au mwenye sifa za uwakili katika utumishi wa umma. Mashauriano ya Rais na Tume hayafanywi hadharani. Kenya, tangu Katiba yake ya 2010, imefuata desturi nyingine: watakao ujaji huhojiwa mbele ya umma.

Yafaa kuangalia kile ambacho Ibara ya 109 haikukitaja. Yapima shahada, yapima miaka. Lugha haipimi kabisa. Ilidhaniwa labda kwamba kila Mtanzania ajua Kiswahili, na kwamba kila mwanasheria ajua Kiingereza, basi neno limekwisha. Lakini kujua Kiswahili cha nyumbani na kuweza kuhukumu kwa Kiswahili ni mambo mawili tofauti.

Chukua neno moja la soko la Kariakoo, mali kauli. Mchuuzi huchukua bidhaa kwa mwenye duka bila ya kulipa, kwa neno lake tu, akaahidi kuleta fedha akisha kuuza. Siku bidhaa zikiungua kabla ya kuuzwa, hasara ni ya nani? Swali hilo si la kubuni katika soko lililoshika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Ikiwa mali kauli ni mauzo ya mkopo, mali ilikwisha kuwa ya mchuuzi, na deni labaki palepale. Ikiwa ni uwakala, mali ilikuwa bado ya mwenye duka, na mchuuzi asiyekuwa na uzembe hadaiwi kitu. Hakimu wa mwanzo alisikiapo neno hilo huweza kuwauliza wahusika walilielewaje, akaandika jibu lao kama walivyolitoa. Rufani ilipopanda, kumbukumbu ilifika mahali ambapo hukumu lazima iandikwe kwa Kiingereza, na hapo mwandishi alilazimika kuchagua neno moja kati ya mawili. Aliyelichagua neno alikuwa amekwisha kuamua nusu ya kesi, pengine bila ya kujua. Mchuuzi aliyesimama mahakamani hakuweza kumsahihisha, kwa kuwa hukumu hakuielewa.

Hali hiyo ilibadilika kisheria mwaka 2021, Bunge lilipoifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki ikihitaji. Tarehe 1 Februari mwaka huohuo, katika Siku ya Sheria huko Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akiitaja waziwazi hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili huko Musoma. Lugha, ambayo Katiba haikuihesabu miongoni mwa sifa, ilitajwa hivyo hadharani kuwa sababu ya kupandishwa cheo.

Sheria yaweza kubadilishwa kwa siku moja. Maktaba ya jaji haibadiliki upesi hivyo. Maamuzi yaliyotangulia, ambayo kila jaji afungwa nayo, kwa sehemu kubwa yameandikwa kwa Kiingereza. Aandikapo kwa Kiswahili, jaji atafuta neno kwa kila wazo, na wenzake watafuta yao. Amri moja ile ile yaweza kuitwa zuio na mmoja, katazo na mwingine, amri ya kusimamisha na wa tatu, na wakili asomaye hukumu hizo baada ya miaka ishirini hatakuwa na njia ya kujua kama ni amri moja au ni tatu. Mahakimu wa mwanzo wamekuwa wakiandika hukumu kwa Kiswahili tangu 1964, na majalada yao, ya Kariakoo pamoja na mengineyo, yana msamiati wa miongo sita ambao haujakusanywa.