Kabla hujajengewa programu, uliza: tukihama tunaondoka na nini?

SACCOS inataka programu ya kupokea maombi ya mikopo. Fundi mmoja anasema wiki mbili zinatosha, mwingine anaomba miezi mitatu. Wa kwanza anapewa kazi fasta. Lakini tofauti yao si muda tu.

Wa kwanza anatumia jukwaa la msimbo mchache, kama Power Apps ya Microsoft au Bubble. Haandiki sana. Anaburuta fomu na vitufe kwenye skrini, anaunganisha data, basi. Programu inaendeshwa na jukwaa lenyewe.

Wa pili anatumia maktaba ya vipengele, kama Bootstrap au Ant Design. Humo kuna vitufe na menyu zilizotengenezwa tayari. Hesabu za riba, ulinzi wa data na seva ni kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana anachelewa.

Kwa kuanza haraka, jukwaa linashinda. Shida huja baadaye.

Google iliwahi kuwa na jukwaa la aina hii, App Maker. Januari 2020 ilitangaza kulifunga, na tarehe 19 Januari 2021 likazimwa. Data zilizohifadhiwa Cloud SQL zilibaki, lakini programu zenyewe hazikuweza kuhamishwa moja kwa moja kwenda kwingine. Aliyeitegemea ilibidi ajenge upya.

Maktaba nazo zina vituko vyake. Tarehe 25 Desemba 2018, vitufe kwenye baadhi ya tovuti zinazotumia Ant Design vilionekana vimeangukiwa na theluji! Watengenezaji walikuwa wameficha pambo la Krismasi ndani ya maktaba bila kuwaambia wanaoitumia. Watu walikasirika. Ila msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo waliweza kuufungua na kuona tatizo lilipo.

Sasa uchague kipi?

Kama ni fomu ya likizo, orodha ya vifaa vya ofisi au wazo unalotaka kulijaribu kwanza, jukwaa linatosha. Lakini angalia bei. Majukwaa mengi hutoza kwa idadi ya watumiaji: wafanyakazi 10 si kitu, wanachama 2,000 ni habari nyingine.

Kama programu ndiyo biashara yenyewe, maktaba ni salama zaidi, maana msimbo unabaki mikononi mwako. Bubble, kwa mfano, hukuruhusu kutoa data zako, lakini si programu uliyojenga.

Hata hivyo, msimbo unaoujua fundi mmoja tu nao ni kifungo. Akiondoka, mmekwama vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, SACCOS imuulize kila fundi: jukwaa likifungwa, au wewe ukiondoka, sisi tunabaki na nini? Jibu liandikwe kwenye mkataba.