Camaro ya zamani, injini mpya: usisahau tangi!

Wadau, kule Marekani wapo wanaochukua Chevrolet Camaro ya 1969 na kuifunga injini ya kisasa ya LS. Raha kweli, ila kazi ipo kwenye mafuta. Kabureta ya zamani ilitosheka na presha ya 5 hadi 7 psi hivi. Nozeli za LS zinataka kama 58, karibu mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo! Ukiacha mipira ileile mikuukuu, ikipasuka jirani na injini, gari linaungua. Kwa hiyo funga mipira ya presha kubwa, na tangi lenye pampu ya umeme ndani. Petroli yenyewe ndo inaipoza. Tangi liwe na vizuizi, ukikata kona kwa kasi pampu isivute hewa. Tangi kwanza, mbio baadaye!