Kitabu cha Picha: Uchapishe Nakala Ngapi?

Vitabu vya picha vinavyowahusu Wamasai si haba, lakini vilivyotolewa na Wamasai wenyewe ni vichache mno. Hata kile mashuhuri kiitwacho Maasai, ambacho maneno yake ni ya Mtanzania Tepilit ole Saitoti na picha zake ni za Carol Beckwith, kilitolewa New York mwaka 1980.

Sasa tuseme yuko kijana wa Enguserosambu, kata iliyo mpakani na Kenya wilayani Ngorongoro, ambaye amekusanya picha za msitu wa asili wa huko, msitu ambao wafugaji huutegemea kwa maji, dawa na malisho ya kiangazi. Anataka kutoa kitabu kwa fedha zake mwenyewe, asiwepo wa kumpangia picha ipi itoke na ipi iachwe. Nia ni njema. Je, gharama ataziweza?

Wengi huponzwa na swali la kwanza wanalomwuliza mwenye mtambo: nakala moja ni shilingi ngapi? Kitabu cha kurasa 96 huchapwa kwa mafungu 6 ya kurasa 16. Kila fungu ni karatasi kubwa yenye pande mbili, na kila upande hupata wino wa rangi nne. Hizo ni pleti 48, mbali na za jalada, nazo ni zile zile ukichapa nakala 100 au 1,000.

Tufanye hesabu ya mfano tu, maana bei za kweli hapana budi kuziuliza viwandani. Pleti na matayarisho ya mtambo ziwe shilingi milioni 6, na karatasi, wino na ushonaji shilingi 15,000 kwa kila nakala. Nakala 1,000 zitagharimu milioni 21, yaani 21,000 kila moja. Nakala 200 zitagharimu milioni 9, yaani 45,000 kila moja. Hapo ndipo mtu huvutwa kuchapa elfu moja. Lakini akiuza 300 tu kwa shilingi 60,000, na duka likachukua theluthi, atapata milioni 12. Milioni 9 zimepotea, na nakala 700 ziko chini ya kitanda zikingoja mchwa!

Mitambo ya dijitali haihitaji pleti. Nakala moja yaweza kuwa ghali, tuseme 50,000, lakini unachapa 100 kwa milioni 5 na kuzijaribu sokoni. Ukiziuza zote mkono kwa mkono kwa 60,000, unabaki na milioni moja. Ukizipitisha dukani, unapata hasara ya milioni moja. Kwa maoni yangu, mwenye kitabu cha kwanza aanzie hapa, tena baada ya kuandikisha wanunuzi waliokwisha kulipa.

Njia ya kiwanda kikubwa haikosi watu wake. Marehemu Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alifika mahali kampuni yake ikawa inatoa vitabu vyake. Zanzibar, Javed Jafferji alitoa vyake kupitia Gallery Publications, naye alikuwa na duka Mji Mkongwe ambako watalii hupita kila siku. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na soko mlangoni. Kutoka Enguserosambu, kila sanduku la vitabu lina nauli yake na vumbi lake.

Wapo watakaotafuta mfadhili. Sawa, ila mfadhili naye huwa na picha anazozipenda.

Kabla ya yote, picha zipimwe. Kujaza ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kila inchi, picha yahitaji nukta milioni 8.7 hivi; zilizokwisha kupita kwenye WhatsApp ziachwe simuni. Nambari ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na nakala ya majaribio idaiwe kwenye karatasi ile ile, kwani kijani cha msitu hugeuka kwa urahisi kikawa cheusi.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye ankara ya kiwanda. Wazee waulizwe ni sehemu gani za msitu zisizofaa kuonyeshwa, na kila aliyepigwa picha aombwe ridhaa, kisha apewe nakala yake. Wakiwa watu 20, basi kati ya zile nakala 100 za kuuza ni 80, na kwa bei ile ile ya 60,000 zinaleta milioni 4.8, pungufu ya gharama kwa laki mbili. Kwa hiyo bei ya kitabu ipangwe baada ya hesabu hiyo, si kabla yake.