Ulemavu shuleni: Kila mwalimu aandaliwe, si bingwa peke yake

Mzazi wa Kafutuma, kando ya Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, akiwa na mtoto mwenye ulemavu wa viungo, huenda akaelekezwa Shule Maalumu ya Mambilima, wilayani Mwense, kusini mwa ziwa. Ni shule ya bweni; mtoto ataondoka nyumbani. Asipokwenda, tegemeo lake ni mwalimu wa shule ya jirani.

Je, mwalimu huyo ameandaliwa?

Zambia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria yake ya mwaka 2012 inatambua kuwa, pamoja na hali ya mwili au akili, vikwazo vya jamii na mazingira navyo humzuia mtu kushiriki.

Mafunzo ya ualimu yalianzia kwingine. Chuo cha elimu maalumu Lusaka, ZAMISE, kilianzishwa mwaka 1971 kuandaa mabingwa. Kenya ina KISE tangu 1986. Tanzania ina Patandi, Arusha. Vyuo hivi vinahitajika, lakini visiwe sababu ya mwalimu wa kawaida kusema, "Huyu si wangu."

Kumkalisha mbele asiyeona vizuri, kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni, kuhamishia darasa la chini anayetumia kiti cha magurudumu: hayo hayangoji bingwa. Yafundishwe kwa kila mwalimu mtarajiwa, na yapimwe kwenye mazoezi ya kufundisha kabla hajapewa cheti.