Ukikwama kwenye chuma, pesa ianzie wapi?

Kijana wa Sola, mkoani Simiyu, aliyepiga chuma mwaka mzima, kisha uzito ukagoma kupanda, hupewa ushauri wa aina mbili: hamia jimu ya Bariadi, au nunua unga wa protini. Yote mawili ni gharama, na mara nyingi hakuna linalogusa kilichomkwamisha.

Tazama kwanza vyuma vyenyewe. Vingi ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Kopo la lita 4 likijaa lina takriban kilo 9.6, mawili kwenye bomba ni kilo 19 na ushee. Ukitaka kuongeza, unatafuta makopo makubwa zaidi, na hapo unaruka kilo kumi kwa mkupuo wakati mabega yanaomba moja au mbili tu. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina nusu kilo. Ya lita 1.5 ukiijaza mchanga mkavu inazidi kilo 2. Zifunge kila upande kwa mpira wa baiskeli, bure kabisa. Jimu ina faida kubwa moja: stendi ya kuwekea chuma ukichuchumaa na mzigo mzito. Kama huchuchumai na mzigo wa kukutisha, ada na nauli vinaweza kungoja.

Kisha chakula. Anayejenga misuli anatosheka na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye kilo 65 ni gramu 104. Gawanya bei kwa gramu. Tuseme choroko ni shilingi 2,500 kwa kilo: gramu moja ya protini inakugharimu kama shilingi 10. Dagaa wakavu wa 12,000 kwa kilo, 20. Trei ya mayai ya 12,000, karibu 67. Unga wa kopo wa 180,000 kwa kilo, 240. Weka bei za sokoni kwako. Mpangilio hautageuka kirahisi. Choroko peke yake hushibisha kabla hujafika mbali, kwa hiyo changanya na dagaa.

Unga ninaoweza kuutetea ni krietini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, tena baada ya chakula kutimia. Usinunue wa kupimiwa kwenye mfuko. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), basi angalia alama yao.

Na msimu wa kulima ukifika, jembe limeshautumia mgongo. Punguza seti nusu kwa wiki moja kabla hujanunua chochote.