Mahujaji wa Kale na Beji Zao za Risasi

Katika matope ya mto Thames, unaopita kati ya mji wa London, zimeokotwa beji ndogo ndogo nyingi za zamani sana. Ukiitia moja kiganjani utaona ni kitu hafifu: kipande cha risasi iliyochanganywa na bati, ambacho waweza kukipinda kwa vidole. Nyingine zina sura ya askofu, nyingine upanga, nyingine kengele. Je, vitu hivi ni vya nini?

Ni beji za mahujaji. Miaka mia nane iliyopita Wakristo wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuyaendea makaburi ya watakatifu. Wengine walikwenda kuomba kupona, wengine kushukuru, na wengine walipewa safari hiyo iwe malipizi ya dhambi zao. Kila mahali palikuwa na alama yake. Aliyefika Santiago de Compostela, nchini Hispania, kwenye kaburi la Mtume Yakobo, alirudi na kombe la bahari. Aliyefika Roma alivaa funguo za Mtume Petro. Aliyetoka Yerusalemu alichukua tawi la mtende.

Beji nyingi za mto Thames zilitoka Canterbury. Huko, tarehe 29 Desemba 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake na askari wanne wa Mfalme Henry II. Mwaka 1173 Papa Alexander III alimtangaza kuwa Mtakatifu. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alikwenda kutubu: aliingia mjini pekupeku, akapiga magoti penye kaburi, akakubali kuchapwa viboko na watawa.

Mafundi walichonga kalibu za mawe, wakamimina ndani yake risasi na bati. Madini hayo huyeyuka upesi, kwa hiyo fundi aliweza kutoa beji nyingi kwa siku moja. Bei ilikuwa ndogo, hata maskini aliimudu. Mhujaji aliigusisha beji yake kaburini, kisha akaishona kofiani au kwenye joho. Njiani kila aliyemwona alijua ametoka kuhiji.

Lakini penye watu wengi hapakosi biashara. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliwapa mapadre wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, haki ya kusimamia beji za Mitume Petro na Paulo, pamoja na mapato yake. Huko Einsiedeln, Uswisi, yasemekana beji 130,000 ziliuzwa kwa majuma mawili mwaka 1466. Hata Johannes Gutenberg, yule aliyekuja kupiga chapa Biblia, aliwahi kushirikiana na wenzake kutengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen. Watu waliamini kwamba kioo kikielekezwa kwenye masalio matakatifu hunasa baraka zake.

Hapo ndipo ilipokuwapo hatari. Muuza beji hakumwuliza mnunuzi kama amemrudishia jirani mali aliyomdhulumu, wala kama amepatana na ndugu yake. Aliuliza fedha tu. Mwaka 1526 mwanachuoni Erasmus aliandika akiwacheka wasafiri waliojipamba makombe na sanamu za risasi. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru kaburi la Becket livunjwe, na biashara ile ya Canterbury ikakoma.

Hata hivyo, tusiwadharau watu wale. Wengi waliacha shamba na watoto, wakatembea siku nyingi kwa mvua na baridi, wakiogopa wanyang'anyi. Kwa maskini, beji ile ilikuwa ushuhuda wa safari kubwa kuliko zote za maisha yake. Wataalamu wengine hudhani kwamba baadhi ya beji za Thames zilitupwa majini kwa makusudi, labda kwa shukrani.

Basi, msomaji, pengine nawe umevaa msalaba shingoni, au una medali iliyotoka mahali patakatifu. Ni vizuri. Lakini alama hutangaza safari. Haiwezi kusafiri badala yako. Yule aliyerudi na beji kofiani na chuki moyoni alikuwa bado hajafika Canterbury.